Kilo Mia Nne

Jumanne, 3 Machi
Uzito kabla: 48. Baada: 46. Maji ya jana: vikombe vitatu.

Daftari hili nimepewa leo na muuguzi wa mashine. Amesema, "Mama, andika uzito wa binti na maji anayokunywa. Usiruke siku." Nikamwambia mimi niliishia darasa la tano. Akasema namba hazina darasa. Basi nimeandika namba. Lakini ukurasa ni mkubwa, namba ni tatu tu, na mimi kifua kimejaa, kwa hiyo mengine nitayamwaga humu humu. Muuguzi akitaka kusoma asome juu. Huku chini ni kwangu.

Binti yangu ni kitindamimba, nyumbani tunamwita Kitinda. Ana miaka kumi na tisa na figo zake zote mbili zimekufa. Kila Jumanne na Ijumaa mashine inamsafisha damu saa nne nzima. Akikosa mara moja, anavimba miguu. Akikosa mara mbili, maji yanapanda kifuani. Mara tatu sijaambiwa, na sijauliza.

Hospitali iko kilomita thelathini na nane. Kulazwa hawamlazi, wodi ni ya wasiojiweza, na kusafishwa damu si kwa wiki mbili tatu, ni maisha. Pikipiki ilituangusha mwaka jana. Tunalo gari, lile la zamani, la dizeli, aliloacha marehemu baba yao. Naendesha mwenyewe. Nimejifunza nina miaka arobaini na nne, baada ya kubembeleza madereva mpaka ulimi ukaota sugu.

Leo barabara ilikuwa kavu. Lakini mawingu nayaona.

Ijumaa, 6 Machi
48. 46. Vikombe vitatu. Kavu bado. Mungu hakosi.

Jumatatu, 9 Machi
Vikombe vitatu na nusu, kaiba nusu. Mvua imenyesha. Kitinda alikaa dirishani ananusa udongo, anacheka. Mimi nikatoka kutazama tairi.

Jumanne, 10 Machi
48 na nusu. 46.
Tumepita, lakini pale bondeni tumbo la gari limekwaruza.

Nieleze pale bondeni. Malori ya kokoto yanapita kutwa, tairi zake ni mbili mbili kila upande. Yamechimba mitaro miwili, na katikati umebaki mgongo wa tope mgumu, mrefu kama hatua mia mbili. Lori halijali, tumbo lake liko mbinguni. Gari letu tairi zinazama mitaroni, tumbo linapanda mgongo. Leo nilisikia krrrr mpaka kwenye meno. Kitinda akasema, "Mama, gari linajikuna." Nikacheka kwa sababu yeye alicheka.

Ijumaa, 13 Machi
48. 47. Vikombe vitatu.

Tumekalia mgongo. Yaani gari limekaa juu ya tumbo lake kama kobe, tairi zinazunguka hewani zinarusha tope, moshi mweusi, na sisi hatuendi mbele hatuendi nyuma. Nilishuka. Tope likanimeza viatu vyote viwili, sijaviona tena. Nikachimba na sufuria, maana jembe sikubeba. Kitinda kitini ananiambia, "Mama pumzika. Mama, mvua." Masaa matatu. Lori moja likatuvuta kwa kamba, dereva akapiga kelele, "Mama, hicho kigari kiinue! La sivyo kiuze ununue mbuzi!"

Tulipofika mashine yake alikuwa amepewa mwingine. Wamempa saa mbili za mwisho, si nne. Ona hiyo namba hapo juu, 47. Kilo moja imebaki ndani yake.

Nyumbani shemeji alikuwa amelala kwenye kochi. Huyu ni mdogo wa marehemu mume wangu. Alikuja kuzika, arobaini ikapita, mwaka ukapita, yupo. Watu wanamwita Tani kwa ajili ya mwili wake. Anakula, anacheka, analala. Akafungua jicho moja: "Shemeji, mmerudi? Chakula kipo?" Nilimtazama mpaka akajifunika.

Jumamosi, 14 Machi
Kumbe kuinua gari ni kazi ya watu, ina mafundi wake. Nimekwenda kwa wa kwanza, pale stendi. Mdomo wake hauna breki.

"Mama, inchi nne! Leo leo! Naweka vipande hivi vya chuma juu ya springi zako za zamani, jioni unaondoka unawaona watu kama sisimizi."

Nikauliza, "Na breki? Na kona?"

"Kona utazoea."

Nilimwangalia mtu anayesema kona utazoea, nikawaza mtoto wangu ndani. Nikaaga.

Jumatatu, 16 Machi
Vikombe vitatu. Anavimba kidogo vifundoni, ile kilo.

Nimempata fundi wa springi nyuma ya soko la mbao. Mtu mkimya, mikono mikubwa, kipande cha chaki sikioni. Hakuniuliza nina shilingi ngapi. Alilala chini ya gari muda mrefu, akatoka, akapima na futi kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi, pande zote nne, akaandika ukutani.

"Springi zako zimechoka," akasema. "Zimeshuka inchi moja na nusu. Nikikuwekea mpya zilizoinuka, na shokapu zake ndefu, unapata inchi mbili juu ya ile ya kiwandani. Na tairi kubwa kidogo. Zaidi ya hapo gari litayumba, na mgonjwa hatapanda."

"Inatosha kuvuka mgongo?"

"Difu, kile kibonge cha chuma kati ya magurudumu ya nyuma, itajichimbia njia kama jembe. Tumbo litapita."

Halafu akanigeukia na chaki yake. "Sasa nisikilize vizuri, mama. Springi zina uzito wake. Kuna za gari jepesi, kuna za gari la mizigo. Ukikosea, utajuta. Gari hili linabeba nini kila safari? Si siku ya harusi. Si siku ya kuhama. Kila safari, ukimtoa dereva."

Mimi mtu wa hofu. Niliwaza tukikwama tukalala njiani. Nikamtajia pipa la maji, lita mia. Kilo mia, akaandika. Godoro na nguo na jiko, arobaini. Vifaa na tairi mbili za akiba, sitini. Kiti cha magurudumu, kumi na nane. Nikamtaja na shemeji, mia na ishirini na moja, kwamba atakuja kusukuma, wakati moyoni najua simtaki garini mwangu.

"Na mgonjwa?"

Nikasema, "Sitini na moja."

Hiyo ni ya mwaka juzi. Aliposhonewa gauni la kumaliza shule alipimwa, sitini na moja, mashavu kama maandazi. Fundi aliandika tu. Akajumlisha: mia nne kamili. Akaizungushia duara.

"Kila safari?" akauliza tena.

"Kila safari."

Sijui kwa nini nilidanganya. Najua. Sikutaka arobaini na sita iandikwe ukutani kwa mtu.

Jumanne, 17 Machi
Hatujafika. Mvua ya usiku imejaza mitaro. Nilifika bondeni, malori mawili yamekwama, hakuna kupita. Nikageuza. Mizani ya bafuni: 49 na nusu.

Nimeuza kile kiwanja alichoachiwa Kitinda na baba yake. Nikimaliza kuandika hapa sitakitaja tena.

Alhamisi, 19 Machi
50 na nusu. Vikombe viwili, nimempunguzia. Analala ameegemea mito mitatu, akilala chali anakosa pumzi. Hii ndiyo mara moja na nusu.

Gari limetoka. Limesimama kama askari! Springi nyekundu, shokapu za manjano, ukilitazama unaona limenyanyua sketi. Nimemnunulia Kitinda kigoda cha kupandia. Shemeji kazunguka mara tatu anapiga mluzi. "Shemeji, hili sasa mtu akitaka kuingia aage kwanza."

Sikucheka. Ila lilikuwa la kuchekesha.

Ijumaa, 20 Machi
51. 47.

Bondeni tumepita kama hakuna kitu. Nilipiga ukelele wa furaha, nikapiga honi, nikalia.

Baada ya bonde kuna kilomita ishirini za changarawe, ile iliyojikunja mawimbi mawimbi. Hapo ndipo gari lilipoanza kuruka. Si kutikisika, kuruka. Kila wimbi springi zinaturusha, zinatupokea kama sakafu. Nikapunguza mwendo, ikawa mbaya zaidi. Nikaongeza, mbaya zaidi. Kitinda alishika mlango kwa mkono mmoja, ule mwingine wenye mshipa wa mashine kaukumbatia kifuani. Mwanzo alitania, "Umetununulia beberu." Halafu akaanza kutoa sauti kila tukitua, ndogo, kama mtoto anayeota.

Nimejiambia springi ni mpya, zitalainika.

Jumanne, 24 Machi
48 na nusu. 46.
Hazijalainika. Daktari amempiga picha. Ubavu mmoja una ufa. Amenieleza taratibu, ni mtu mwema: figo zikifa, mifupa nayo huliwa polepole, inakuwa kama chaki. "Mmepata ajali?" akauliza. Nikasema hapana. "Sasa nini kimempiga?"

Nimempiga mimi. Mimi na springi zangu nyekundu.

Ijumaa, 27 Machi
Uzito asubuhi: 48. Hatujaenda.

Nataka niandike yote kama yalivyosemwa.

Saa kumi na moja alfajiri nimemwamsha. Akasema, "Leo siendi." Nikadhani utani. Nikamletea viatu.

"Mama, nimesema siendi."

"Utakwenda, mwanangu. Nitaendesha polepole."

"Polepole ndiyo mbaya zaidi. Unajua."

"Nitakuwekea mito."

"Juzi uliniwekea mito minne. Mito nayo iliruka." Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonikata maini. "Mama, mashine haiumi. Ninaweza mashine mpaka nizeeke. Lile gari siliwezi. Kila nikipanda naona nakuvunjikia mikononi. Niache. Nimechoka kidogo tu."

Nilimwambia maneno ambayo mama hapaswi kuyasema. Nilimwambia nimeuza kila kitu. Nilimwambia baba yake kafa akiniachia yeye. Nikamvuta mkono, akapiga yowe la ubavu, nikamwachia. Tukabaki tunatazamana, yeye kitandani, mimi na kiatu kimoja mkononi.

Shemeji alisimama mlangoni na shuka lake. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Shemeji, toka nje kidogo," akasema.

Nikamjibu, "Wewe ndiye utoke. Kwenye nyumba hii wewe umewahi kubeba nini?"

Akatoka.

Kitinda akaniambia, "Mama, huyo hana kosa." Akageukia ukuta.

Nimekaa jikoni mpaka saa sita. Mvua inapiga bati. Nimekosa mbele, nimekosa nyuma. Gari la chini halivuki, gari la juu linamvunja. Nimechagua vibaya kwa mkono wangu, na siwezi kumlaumu mtu.

Jumamosi, 28 Machi
49. Vikombe viwili.

Nilikwenda kwa fundi niko tayari kumng'ata. Nilifoka mbele ya wateja wake, mwizi, muuaji, kila kitu. Alinisubiri nikaishiwa pumzi. Akaja nyuma ya gari, akakalia bampa kwa uzito wake wote. Halikushuka hata unene wa kidole.

"Unaona? Halijui kama nimekaa. Springi hizi zinangoja mzigo. Zikipewa mzigo zinalala, zinakuwa laini. Tupu, ni mawe." Akaonyesha ukutani. Lile duara bado lipo. "Uliniambia mia nne, mama. Juzi ulibeba ngapi?"

Mtoto na kiti chake. Nikahesabu kwa vidole. "Sitini na nne."

"Na mgonjwa pekee?"

Nikatazama viatu vyangu. Hakuniuliza mara ya pili. Alisema springi nyepesi atanitafutia, abadilishane na hizi, lakini zinatoka mbali na kwa mvua hizi ni mwezi, mwezi na nusu. "Kwa sasa weka uzito nyuma. Mchanga. Chochote."

Jumapili, 29 Machi
49 na nusu. Nimejaza mifuko sita ya mchanga, kilo hamsini kila mmoja. Niliburuta wa kwanza peke yangu. Wa pili nikaona unanyanyuka wenyewe, kumbe shemeji kaushika upande wa pili. Tulipakia yote sita.

Nikampitisha Kitinda mtaani mara moja, mpaka kwenye kona na kurudi. Akasema, "Linateleza kama kitanda." Akakubali Jumanne. Kanishika shavu.

Jumanne, 31 Machi
51. 48.

Bondeni tumekaa.

Ndiyo hivyo. Mzigo unalainisha gari, na mzigo huo huo unalishusha. Zile inchi nilizonunua kwa kiwanja cha mtoto zimeliwa na mchanga. Tumbo likakalia mgongo, tairi hewani, kama Machi 13, kama sijafanya lolote. Nikafungua mlango wa nyuma nikaanza kutoa mifuko. Mchanga ukilowa huo ni chuma. Wa kwanza ulipasuka. Wa pili ulinilalia mguu. Nilikuwa nauchota kwa mikono, naumwaga, mvua inanipiga, napiga kelele sijui kwa nani.

Nikaona mtu mnene anakuja na barabara, jembe begani, anahema. Shemeji. Alikuwa ametufuata kwa miguu tangu nyumbani, kilomita sita. Alitoa mifuko minne iliyobaki akaitupa kando kama mito ya kochi. Gari likainuka lenyewe tukiliona, polepole, kama mtu anayevuta pumzi. Likapita. Kule mbele tulikuwa tupu tena, na Kitinda akaruka kilomita zote ishirini kichwa chake kwenye mapaja ya shemeji, shemeji kamshika mbavu kwa viganja vyake viwili kama anashika yai.

Wakati anasafishwa tulikaa kwenye benchi la korido. Shemeji alikuwa anakwangua tope kwenye kucha. Akasema, "Shemeji, shida ya mchanga unaijua?"

"Nini tena."

"Hauna miguu." Akajipiga tumbo. "Mimi ninayo. Njia nzima nakaa, bondeni nashuka, nikivuka napanda. Mia na ishirini na moja, na napanda mwenyewe, hunibebi."

Nilitaka kucheka nikajikuta nalia. Akaogopa, akaniletea chai.

"Ulikuwa unatufuata kila siku?" nikamuuliza.

"Tangu gari liinuliwe, Jumanne na Ijumaa tu," akasema. "Mpaka bondeni. Nikiona mmepita narudi kulala."

Ijumaa, 3 Aprili
50. 47.
Shemeji nyuma. Gari limelainika kidogo, lakini haitoshi. Kitinda amelia mara mbili tu. Shemeji anasema anatafuta wenzake. Nikamwambia nani atakubali kuitwa mfuko wa mchanga?

Jumatatu, 6 Aprili
49 na nusu. Vikombe vitatu.
Nimeshikwa na aibu. Shemeji kaenda kugonga kwa mshonaji, jirani yetu wa ukuta mmoja. Mimi na mshonaji hatusalimiani tangu mwaka jana, ugomvi wa mfereji wa maji machafu. Nilimwita jina baya na yeye akaniita baya zaidi. Na ni mwanamke wa mwili. Shemeji kamwambiaje, sitaki kujua.

Jumanne, 7 Aprili
49 na nusu. 46 na nusu.

Saa kumi na mbili asubuhi nikamkuta mshonaji amesimama kwenye gari, ana furushi la vitambaa na mwavuli.

"Nasikia unatafuta wanene," akasema.

Nikakosa pa kuuficha uso. "Jirani, mimi..."

"Usinijirani. Mimi kilo tisini na tatu na sifichi. Miaka yote watu wananicheka, leo nimeitwa dawa. Fungua mlango. Tena vitambaa vyangu nanunua mjini Jumanne na Ijumaa, nauli yangu unaijua wewe?"

Na mlinzi wa ghala, jirani wa mbele, mzee mwembamba anayefanya kazi karibu na hospitali, naye akapanda. Shemeji akamtazama: "Mzee, wewe umekuja kulegeza au kukaza?" Mzee akajibu, "Mifupa nayo ina uzito, kijana. Sitini na sita, nimepima kwenye ghala."

Bondeni nikasimama. Wakashuka watatu, mshonaji kakunja gauni mpaka magotini, viatu mkononi, analaani malori yote na waliowazaa madereva wake. Gari likainuka. Nikapita na mwanangu. Wakapanda upande wa pili na tope lao, gari likalala chini yao, na kwenye changarawe likaenda... sijui niandikeje. Likaenda kama maji. Nilimtazama Kitinda kwenye kioo. Alikuwa amesinzia, mdomo wazi, kichwa kwenye bega la mshonaji.

Mshonaji akaninong'oneza, "Endesha. Usitazame nyuma."

Ijumaa, 10 Aprili
48 na nusu. 46. Tumeenda.

Jumanne, 14 Aprili
48. 46. Tumeenda. Mshonaji na shemeji wamegombana njia nzima nani anashusha gari zaidi.

Ijumaa, 17 Aprili
48. 46. Kitanda cha dirishani, kule kwenye mashine, kilikuwa kitupu leo. Ni cha mgonjwa mwenzetu, yule baba mwenye redio. Alikuwa anatoka ng'ambo ya mto, daraja limekwenda na maji tangu wiki iliyopita. Muuguzi alitandika shuka bila kutuangalia. Kitinda kaomba ahamishwe asilale hapo, halafu kasema hapana, nitalala, dirisha ni zuri.

Nimeijua ile mara tatu.

Ijumaa, 24 Aprili
48 na nusu. 46.

Mvua kubwa kuliko zote. Bondeni maji yalifika magotini kwa shemeji. Alitangulia mbele ya gari na fimbo anapima mitaro, mshonaji na mlinzi nyuma wanasukuma, mimi nimekamata usukani nasema na Mungu kwa sauti. Injini ikakohoa. Nikasema usife, usife, usife. Haikufa. Tuliibukia upande wa pili wote tumelowa isipokuwa Kitinda.

Waliporudi ndani wanatetemeka, wanajikamua nguo, Kitinda akasema taratibu, "Nisameheni."

"Kwa lipi?" mshonaji akauliza.

"Mimi arobaini na sita. Nawabebesha watu wazima mvua."

Maji yanadondoka tu. Halafu mshonaji akamgeukia. "Wewe mtoto. Nina watoto watatu mjini hawajanipigia simu tangu mwaka mpya. Baba yako mdogo huyu alikuwa anaoza kwenye kochi. Huyu mzee mkewe kafa, analinda unga wa watu. Unadhani Jumanne na Ijumaa sisi tungekuwa wapi? Sogea, nguo yangu imelowa na wewe una blanketi."

Shemeji akasema, "Mimi kuoza nilikuwa naoza vizuri tu."

Jumatano, 13 Mei
46 na nusu. Vikombe vitatu. Siku tisa hakuna mvua. Greda limekuja kukata ule mgongo. Nilikwenda kulitazama, nikasimama kando ya barabara kama mtu aliyekwenda kumwona adui yake anazikwa. Lile tope kavu lilikatika kama kipande cha sabuni. Ubavu wa Kitinda umeunga.

Jioni fundi kapiga simu. Springi nyepesi zimefika. Nizilete zile nyekundu, tubadilishane, sidaiwi kitu.

Alhamisi, 14 Mei
47. Vikombe vitatu.

Nimelala vibaya. Mgongo hakuna, mvua hakuna. Nikiweka springi nyepesi naweza kwenda na mwanangu peke yetu, simsumbui mtu. Ndiyo niliyoyaomba Machi, kwa machozi.

Asubuhi nikapeleka gari. Springi zile zimepangwa sakafuni, nyembamba, za kijani. Fundi alikuwa amekwishaweka jeki chini. Akatoa chaki sikioni, akatafuta pembe safi ya ukuta.

"Tuanze upya, mama," akasema. "Safari hii bila kuogopa. Gari linabeba nini kila safari?"

Nikafikiri kwanza. Nikamwambia, "Shemeji yangu. Mia na ishirini na moja. Siku hizi anakaa na wagonjwa wa mashine anawachekesha, muuguzi hataki akosekane."

Akaandika.

"Jirani yangu mshonaji, tisini na tatu. Usimpunguzie, atakuja hapa. Vitambaa vyake, thelathini. Mzee mlinzi, sitini na sita. Kiti cha magurudumu, kumi na nane. Dumu la maji, ishirini."

Akaandika. Mkono ukabaki hewani, chaki imegusa ukuta.

"Na binti?"

"Arobaini na sita."

Aliandika arobaini na sita kwa mwandiko ule ule alioandikia dumu la maji, akapiga mstari, akajumlisha, akatazama. Akarudi nyuma hatua moja akalitazama lile duara la Machi, halijafutika.

"Mia tatu tisini na nne," akasema. "Ulisema mia nne."

"Nilikosea kilo sita."

Sijawahi kumwona yule mtu akicheka. Meno yake ya mbele yana mwanya. Akalegeza jeki, gari likashuka kwenye tairi zake na springi zake nyekundu, akanifungulia mlango.

Ijumaa, 15 Mei
48. 46. Vikombe vitatu. Tumeenda wote.